Usukani wa Gari la Bati

Harufu ya ndala inayotobolewa kwa msumari wa moto haifanani na harufu nyingine yoyote. Ina utamu fulani wa kuudhi unaokaa kooni, na ukishaizoea utotoni huisahau tena. Wiki chache zilizopita, katika karakana tunayotengeneza pampu za maji hapa Kasulu, mwenzangu alikosa wosha ya mpira. Akakata kipande cha ndala kuukuu, akakitoboa kwa msumari aliouchomeka kwenye makaa. Moshi uliponifikia niliweka bisibisi mezani nikatoka nje. Alidhani nimebanwa kifua. Kifua kilikuwa kizima kabisa, ila nilikuwa nimerudi Mabamba, nina miaka kumi na miwili, nakata matairi.

Tulikaa kando ya barabara iendayo mpakani. Mama alilima maharage na mihogo. Baba alikuwa fundi baiskeli, na kibanda chake kilikuwa nguzo nne na mabati matatu, chini yake kopo la grisi, beseni la maji ya kutafutia pancha, na sanduku la mbao ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulifungua bila kunawa mikono. Nyumbani tuliongea Kirundi, ambacho majirani zetu Waha walikielewa bila taabu. Kiswahili kilikuwa cha shule na cha wateja. Baba hakupoteza maneno katika lugha yoyote. Mteja angesimama akaeleza kwa kirefu jinsi baiskeli yake inavyolia kwenye mlima na inavyonyamaza kwenye mteremko, na baba angemsikiliza hadi mwisho, kisha aseme, "Iache. Rudi saa kumi."

Nilipokuwa darasa la sita, Mwalimu Leokadia alitutangazia kwamba kutakuwa na maonyesho ya kazi za mikono Kibondo mjini, na kazi zitakazochaguliwa zitapelekwa Kasulu kushindana na za shule za huko. Wasichana watengeneze vikapu na vitambaa, wavulana magari ya waya. Sikuwa na ugomvi na vikapu, ila vikapu vilikuwa na ugomvi na mimi. Kile nilichokianza muhula uliotangulia kililala upande mmoja kama mlevi, na mama alikuwa ameshakigeuza kiota cha kuku.

Nilichokuwa nacho kilikuwa picha. Fideli, kinyozi wa pale senta, alitundika kalenda yenye magari ya mashindano, na mwaka ulipoisha nilimwomba karatasi moja. Ilikuwa na gari jeupe lenye mistari ya buluu, limeruka tuta, matairi yote manne yako hewani, nyuma yake vumbi jekundu kama letu. Niliikunja ndani ya daftari la hesabu. Siku ya tangazo nilimpelekea mwalimu.

"Naomba nitengeneze gari, Mwalimu."

"La waya?"

"Hapana. Hili hapa. Lifanane hivi hivi."

Aliitazama picha, akanitazama mimi. "Tengeneza," akasema. "Lakini na kikapu ukimalize."

Kikapu sikukimaliza hadi leo.

Nilianza peke yangu kwa rula. Nilipima picha, urefu wa gari, kimo chake, nafasi kati ya gurudumu na gurudumu, nikaandika yote. Nilijiona mhandisi. Siku ya pili baba alipita nyuma yangu akibeba rimu, akasimama.

"Upana utautoa wapi?" akauliza.

Picha ilionyesha ubavu mmoja tu. Sikuwa nimelifikiria hilo. Baba aliweka rimu chini, akachukua jembe la mama lililoegemea ukuta, akaanza kuchora uwanjani kwa ncha ya mpini. Alichora mstari mrefu, akaupima kwa hatua, akaufuta kidogo mwishoni, akachora mwingine. Hakuitazama picha hata mara moja. Alipomaliza, uwanja wetu ulikuwa na gari zima limelazwa chini, lenye nafasi ya injini, viti viwili, na tairi la akiba nyuma.

"Meta nne na sentimita kumi," akasema, "na upana meta moja na sabini. Gawa kwa kumi. Kila kitu gawa kwa kumi, usiache hata kimoja, la sivyo litakuwa kikaragosi."

Mama alirudi kutoka shambani na mzigo wa kuni, akasimama ukingoni mwa ule mchoro. "Mnamzika nani mkubwa hivi?" akauliza.

Nilicheka. Kisha nikamwuliza baba alijuaje vipimo vya gari la mashindano, maana mimi nilimjua kwa baiskeli tu.

"Niliwahi kuyaona," akasema, akachukua rimu yake.

Likizo ile ndefu yote ilikwenda humo. Mwili nilikata kutoka debe la mafuta ya kula, nikakunja milango minne, nikaitia bawaba za pini. Kioo kilikuwa chupa ya maji iliyonyooshwa kwa maji ya moto. Matairi nilikata ndala, vipande vitatu vitatu vilivyogandishwa, kisha nikachonga meno kwa wembe, na ninawaambia ninyi mnaonisoma, kuchonga meno ya matairi manne yafanane ni kazi inayoweza kumfanya mtoto wa dini atukane. Springi nilipata kwenye kalamu. Ilibidi niwaombe darasa zima kalamu zilizokwisha wino, na wawili walinipa ambazo hazijaisha. Chujio la chai la mama likawa wavu wa mbele wa kupitishia hewa. Mwavuli wake ukanipa vyuma vya ndani, vile vya kumkinga dereva gari likipinduka. Mama alipogundua hakunipiga. Alisimama mlangoni akawaambia kuku kwamba siku moja ataamka akute mume wake amekatwa matairi.

Kazi ya baba ilikuwa kuuliza. Hakugusa kitu. Alikaa kwenye kigoda chake na sufuria yake ya uji, akanyoosha kidole. "Hiki kinafanya kazi gani?" Nikisema sijui, nimekiweka kwa kuwa kipo kwenye picha, alisema, "Basi kijue kwanza." Kwa njia hiyo nilijifunza kwamba gari la mashindano halina zulia, kwa sababu zulia ni uzito. Boneti lake hufungwa kwa pini za nje ili lisifunuke njiani. Yule anayekaa pembeni ya dereva na kumsomea njia ana kibao cha kukanyagia, kwa kuwa gari likiruka hana usukani wa kushika. Hilo la kibao halikuwepo kwenye picha. Nilikitengeneza kutoka mfuniko wa kopo la dawa ya viatu, na ndicho kitu kidogo nilichokipenda kuliko vyote.

Nilichoshindwa ni usukani. Nilitaka ukizungusha usukani ndani, magurudumu ya mbele yageuke, yote mawili, pamoja. Chuma cha kushuka kutoka kwenye usukani kilikuwa spoku ya baiskeli. Tatizo lilikuwa vile vipande viwili vinavyoshika magurudumu na kuyasukuma. Nilivikata kwenye bati, vikapinda. Nikavikata kwenye pingili za cheni ya baiskeli, ambazo ni ngumu na zina matundu tayari, lakini kimoja kilitoka kirefu kuliko kingine, gari likawa na makengeza. Nilirudia mara tano. Mara ya sita nililia, machozi ya hasira, juu ya sanduku la vifaa.

Mvua ilikuwa inanyesha na wateja hawakuwepo. Baba akanyoosha mkono.

"Nipe."

Alivibana viwili pamoja kwenye jiriwa, kama kitu kimoja, akavipiga tupa taratibu. Kisha akavikunja kidogo kuelekea ndani, pembe ambayo mimi nisingeiwaza. "Gurudumu la ndani ya kona lazima ligeuke zaidi ya la nje," akasema. "Yakigeuka sawasawa yataburuza." Alivipuliza vumbi akanirudishia. Nilivifunga. Nilizungusha usukani kwa kidole kimoja na magurudumu yakageuka kama yameambiwa.

Sikuwahi kumwona baba akitabasamu vile. Alikuwa akilitazama gari, na kwa muda nilihisi amesahau kwamba mimi nipo.

Siku ya maonyesho wenzangu na Mwalimu Leokadia walipanda lori la mchanga kwenda Kibondo. Mimi nilipanda nao, lakini gari langu lisingehimili ule mtikisiko, kwa hiyo baba aliondoka alfajiri na baiskeli, gari limo ndani ya boksi lililojazwa nyasi. Nilimkuta amefika, amevaa koti lake la kanisani lenye vumbi hadi mabegani. Alinikabidhi boksi, akaenda kusimama mbali, karibu na uzio.

Tulipangwa kwenye madawati, kila mtoto na kazi yake. Majaji walikuwa wawili, mama mmoja mnene mwenye kitenge cha kijani na bwana mmoja mwenye miwani na faili kwapani. Yule mama alifungua milango ya gari langu mmoja mmoja, akacheka kwa furaha. Bwana mwenye miwani aliingiza kidole, akazungusha usukani. Aliuzungusha tena. Akalipindua gari akalitazama chini.

"Nani kakutengenezea?"

"Nimetengeneza mwenyewe, shikamoo."

"Usinifanye mtoto. Baba yako anafanya kazi gani?"

"Fundi baiskeli."

"Yuko wapi?"

Nilimwonyesha, kwa fahari. Nilifikiri anaitwa kupongezwa. Bwana yule alimpungia mkono na baba akaja, polepole, akavua kofia kabla hajafika mezani.

"Mzee, kazi hii ni yako?"

"Hapana, mheshimiwa. Ni ya mtoto."

"Lakini wewe ndiye fundi."

"Wa baiskeli tu. Magari siyajui."

"Hujamsaidia popote?"

"Sijagusa kitu."

Nilimtazama. Alikuwa akitazama kofia yake. Bwana mwenye miwani akaniambia, "Haya, ufungue huo usukani hapa mbele yetu, kisha uurudishe." Watoto wa shule nyingine wakasogea. Nilitoa pini za boneti, nikachomoa spoku, nikavitoa vile vipande viwili nikaviweka juu ya dawati. Kisha nikavirudisha. Vidole vilijua njia, na nilipozungusha usukani magurudumu yaligeuka. Watu wakapiga makofi. Mama mwenye kitenge akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Bwana mwenye miwani hakuandika. Alikuwa ameinama anavichungulia. "Na hivi," akauliza, "umevikata mwenyewe?"

Ningesema ndiyo, mambo yangeisha. Baba alinyanyua macho akanitikisia kichwa kidogo sana, kama mtu anayekubali kitu. Mimi nilikuwa mtoto wa Shule ya Jumapili, na zaidi ya hapo nilikuwa na hasira. Kwa nini aseme hajui magari? Kwa nini aseme hajagusa? Alikuwa amekifanya kile kitu kizuri kuliko vyote, halafu anakikana mbele za watu, kana kwamba gari langu linamtia aibu.

"Hapana," nikasema. "Hivyo alikata baba. Baba anayajua magari."

Yule bwana alijinyoosha akamgeukia baba.

"Mzee, sasa mwongo ni nani? Wewe au mtoto?"

Baba alirudisha macho kwenye kofia yake.

"Kazi kama hii umejifunzia wapi?"

Baba alisogeza mguu mmoja nyuma.

"Wewe ni mwenyeji wa wapi?"

"Mabamba," baba akasema.

"Mabamba ya kuzaliwa?"

Kofia ilikuwa inazunguka mikononi mwake, inazunguka, inazunguka. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Sikuelewa ni kwa nini swali jepesi hivyo lishindikane. Hapo ndipo mama mwenye kitenge alipofunga kalamu yake.

"Mwenzangu," akasema, si kwa ukali, "leo tunakagua kazi za watoto. Wazazi wao hatukuletewa kuwakagua." Akasogea dawati lililofuata, na baada ya kusita kidogo bwana mwenye miwani akamfuata.

Gari langu halikwenda Kasulu. Kilikwenda kikapu, kizuri kweli, cha msichana wa shule nyingine. Mwalimu Leokadia alinishika bega akasema gari langu lilikuwa la kwanza machoni pake, lakini masharti yalitaka kazi ya mtoto peke yake. Nilimkuta baba anafunga boksi kwenye baiskeli.

"Ungesema kweli tangu mwanzo," nikamwambia, "wangeelewa. Ungesema ni kipande kimoja tu."

"Ego," akasema. Ndiyo.

"Kwa nini ulisema huyajui magari?"

"Panda lori, mwana wanje," akasema. Mwanangu. "Watakuacha."

Sikumsemesha wiki nzima. Nilimwekea maji ya kunawa, nikampelekea chakula kibandani, lakini neno halikunitoka. Yeye hakunilazimisha. Gari nilimpa Fideli kinyozi, akaliweka juu ya kabati lake la vioo, na wateja waliokuwa wakisubiri zamu walizungusha usukani hadi likaota kutu.

Hivi ndivyo nilivyolibeba jambo lile kwa miaka sita. Nilimpenda baba, lakini ndani nilikuwa nimeandika kwamba alinikana siku ya maonyesho.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne alipoitwa kwenye usaili wa uraia. Aliniomba nimsindikize, nimsaidie Kiswahili pakiwa pagumu. Tuliingia ofisini, tukakaa mbele ya kijana mmoja mpole mwenye fomu nyingi. Akauliza jina, jina la baba yake, kilima alichozaliwa ng'ambo ya mpaka, mwaka aliovuka. Baba alijibu yote. Kisha akauliza, "Huko ulikuwa unafanya kazi gani, mzee?"

Nilifungua mdomo nimsaidie. Nilikuwa nataka kusema mkulima.

"Fundi wa magari," baba akasema. "Nilifundishwa Bujumbura, katika gereji ya mzungu mmoja. Jumapili alikuwa anashindana. Mimi nilimtengenezea gari."

Kijana aliinua uso. "Gari la mashindano?"

"Ego. Usukani na springi zilikuwa kazi yangu. Nilipokimbia nilikuwa na miaka ishirini na miwili."

Akaendelea kueleza, mikono yake ikichora hewani, na yule kijana akaacha kuandika akasikiliza. Mimi nilikaa pale nikiitazama ile mikono. Kitu kimoja baada ya kingine kilikuwa kinajipanga. Baba hakuwa mtu wa kwenda Kibondo. Palipohitajika dawa, alikwenda mama. Palipohitajika spoku na cheni, aliagiza kwa wachuuzi. Mkutano wa wazazi ulipofanyika shuleni, alikaa nyuma karibu na mlango. Sikuwahi kujiuliza. Miaka yote ile alikuwa mtu asiye na karatasi hata moja ya kumtetea, na mtu mwenye faili angeweza kumwuliza swali moja tu na likatosha. Gari langu lilimtoa nyumbani likampeleka hadi mbele ya meza. Alipoulizwa kama anayajua magari, alijua vizuri swali lifuatalo litakuwa lipi. Nami, kwa ukweli wangu wote, nilimpeleka huko kwa mkono.

Sijutii kusema kweli. Hata leo ningesema. Ninachojutia ni ile wiki, maji ya kunawa niliyoyaweka chini bila neno, na yeye akiyapokea.

Tulipotoka nje nilimwambia, "Baba, naomba unisamehe."

"Ya nini?"

"Ya gari. Ya Kibondo."

Alifikiri. Tulikuwa tumesimama juani, watu wakipita na mafaili yao ya plastiki. "Lile gari," akasema mwishowe, "matairi ya nyuma tuliyakosea. Yalitakiwa yawe mapana zaidi. Nililiona siku ile ile nikaogopa kukwambia, maana ulikuwa umeshachonga meno."

Kisha akaanza kunieleza kuhusu matairi ya njia ya vumbi na matairi ya njia ya tope, na yule mzungu aliyekuwa akifunga breki kwa kuchelewa, na kona moja kule milimani ambapo gari lilirudi bila mlango. Aliongea hadi tukapata usafiri, akaongea ndani ya gari, abiria wakigeuka kutusikiliza, akaongea hadi tunashuka Mabamba. Mama alitoka kutupokea akamsikia kabla hajamwona. Miaka kumi na minane nilikuwa nimeishi na mtu yule nyumba moja, nikidhani Mungu alimwumba mkimya.